Sauti Mbili Kwenye Gari la Baba

Ulemo,
Wilaya ya Iramba,
Singida.
22 Juni 2025

Mpendwa Kaka Hosea,

Shikamoo, kaka. Wifi Elina naye shikamoo yake hii hapa, na mtoto Peniel umbusu kwa niaba yangu. Mnaendeleaje huko Masasi? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimepona? Mama aliniambia Peniel sasa anasimama kwa kushika meza. Ningependa kumwona kabla hajaanza kukimbia.

Sisi huku tupo. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba hatujambo, lakini nikiandika hivyo leo nitakuwa naongopa. Tunaamka, tunapika, tunalala. Baridi ya mwezi huu ni kali na upepo haupumziki, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Alizeti tumeshavuna, zimeanikwa uani. Shule tumefunga, kwa hiyo nashinda nyumbani na Mama na Bibi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ulipopiga mara ile nilikusikia unaita "Asna, Asna", nami nikabaki nalia mpaka salio lako likaisha. Unajua nilivyo. Kwenye karatasi naweza kufuta nikaanza upya.

Kaka, Mama anasema unaamini kwamba Bibi amekususa. Kwamba ulipoomba kuongea naye alisikiliza kidogo, akarudisha simu bila kukujibu, na wewe ukaona amekukataa kwa kuwa hukumzika Baba. Si hivyo. Bibi hana hasira na wewe hata kidogo. Bibi anaamini umekufa. Anakulilia wewe kama anavyomlilia Baba, hali chakula vizuri, na anazidi kupungua. Ilianzia kwenye gari la Baba, siku ya kutangaza msiba, na naona hakuna aliyekueleza ikaeleweka. Naomba unisome taratibu.

Tangu ulipoondoka alfajiri ile bila kumuaga, Baba hakuruhusu fundi yeyote aguse nyaya zako, zile ulizomfungia kwenye gari la matangazo. Amplifaya ya chini ya kiti ilianza kusumbua tangu mvua za mwaka jana. Inawaka, inazima, Baba anaipiga kofi, inawaka tena. Zile spika mbili za juu ya keria nazo zilikuwa zinatoa sauti nyembamba isiyo na kifua. Mzee Mohamedi, ambaye alikuwa anamwendeshea tangu ulipoondoka, alikuwa anamtania, "Gerald, siku hizi unatangaza kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa." Baba anajibu, "Iache ilivyo. Hizo nyaya zina mwenyewe, atakuja." Ndivyo alivyokuwa anakutaja, kaka. Jina lako hakulitamka tena, lakini kila gari lilipoharibika alimtaja mwenye nyaya.

Habari ya kiharusi na hospitali unaijua. Usilolijua ni kwamba asubuhi taarifa ilipofika nyumbani, Bibi hakuambiwa. Unajua desturi yetu, mzazi mzee hawezi kuambiwa kifo cha mwanawe na mtu yeyote tu. Anaambiwa na mkubwa wa ukoo, akiwa ameketi, ameshatia kitu tumboni, na watu wa kumshika wako karibu. Kwa hiyo tulimsubiri Baba Mkubwa Andrea atoke Kintinku. Mpaka afike, hakuna kulia pale kwetu. Akina mama walikusanyika kwa Mzee Mohamedi, wakalilia huko, midomo imezibwa kwa kanga.

Bibi sasa anaona mwanga tu, watu hawaoni. Nilipompelekea uji kwenye nyumba yake ya nyuma aliniuliza, "Baba yako wamempa dawa?" Nikasema, "Wamempa, Bibi." Akasema vizuri, akaanza kunywa.

Halafu likaja suala la tangazo. Baba ametangaza misiba ya watu wote kuanzia hapa Ulemo na Misigiri mpaka Shelui, nani angemzika yeye kimyakimya? Wazee walisema atangazwe kwa gari lake mwenyewe. Walipanga lianzie Misigiri na vijiji vya mbali, hapa Ulemo lipite mwisho, Bibi akishaambiwa. Lakini gari lilikuwa limekaa uani kwetu bila betri, betri imepelekwa Misigiri kuchajiwa, na amplifaya ni ile ya kupigwa makofi. Mzee Mohamedi akanigeukia. "Wewe si ndiye uliyekuwa unamshikia kaka yako tochi?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi ingia, mwanangu. Leo hatuna mwingine."

Wakati betri inasubiriwa niliingia chini ya kiti. Waya mnene mwekundu unaotoka kwenye betri ulikuwa mzima, na fyuzi yake nzima. Tatizo lilikuwa waya mweusi, ule ulioufunga kwenye bolti ya kiti ili ushike bodi ya gari. Bolti ilikuwa imeota kutu, na chini yake bati bado lina rangi. Nikafungua, nikasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza. Nilikumbuka siku ulipokuwa unaufunga huo huo, spana ikagusa chuma, cheche ikakuunguza kidole gumba, na Bibi akakupaka asali huku anakusema.

Kisha nikapanda kwenye spika. Nilichukua betri ya tochi nikaigusisha kwenye nyaya zake, moja baada ya nyingine, kama ulivyonionyesha. Karatasi ya spika ya mbele ilisukumwa nje. Ya nyuma ilivutwa ndani. Nadhani waya wake uliwahi kukatika na Baba akaurudishia mwenyewe, chanya mahali pa hasi. Kitabu cha Fizikia nilichoazimwa na mwalimu kinaeleza jambo hilo, kwamba moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, sauti zinauana. Kumbe ndiyo maana Baba alikuwa mbu kwenye chupa. Nikageuza nyaya, nikazungushia tepu. Kaka, nilifurahi. Kwa muda mfupi nilisahau natengeneza kwa ajili ya nini, nikawa nawaza jinsi Baba atakavyoshangaa akisikia.

Betri ilipoletwa tulikubaliana gari liwashwe, liondoke polepole hadi kwa Mzee Mohamedi, tukajaribie sauti huko, mbali na Bibi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alipoufunga waya wa mwisho kwenye betri, redio ikawaka yenyewe.

Baadaye nilifungua tepu nyuma ya redio nikaona ulivyounganisha waya mwekundu na wa njano pamoja. Nikakumbuka kwamba Baba ndiye aliyekuomba, ili asikilize taarifa ya habari akiwa amekaa uani bila kuweka ufunguo. Usijilaumu kwa hilo. Ila redio ilikuwa imekaa bila umeme, ikasahau ilikokuwa imeishia, ikaanza upya kwenye flashi, sauti ya kwanza kabisa. Ile mliyorekodi siku uliyomaliza kufunga. Na amplifaya, ambayo kwa miezi yote ile ilikuwa haiamki bila kofi, siku hiyo iliamka.

"Hosea, inasikika?"

Alikuwa ni Baba, kifua chake chote, uani kwetu. Kuku walitawanyika.

"Hosea! Wewe, nakuuliza, inasikika huko barabarani?"

Na wewe kwa mbali, unacheka: "Inasikika, Baba! Punguza, utaua kuku!"

"Waache wafe, tutakula!" Na kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi.

Mzee Mohamedi aliung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Kukawa kimya. Lakini mlango wa nyumba ya nyuma ulikuwa umeshafunguliwa, na Bibi alikuwa amesimama pale bila fimbo, anatabasamu. Alisema kwa Kinyiramba, "Wamekuja wote wawili." Halafu akaniita. "Asnath, bandika maji ya ugali. Mwambie baba yako aje kwanza anisalimie, yeye na huyo mtoro wake."

Mzee Mohamedi si mtu wa ukoo wetu, na mimi ni mtoto. Hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kusema. Bibi akaona tunachelewa, akaja mwenyewe, anafuata mahali sauti ilikotoka. Alishika boneti, akashika mlango. Akapapasa kiti ambacho Baba alikuwa anakaa akitangaza. Akainama akapapasa na cha pili, kile cha dereva, ulichokuwa unakaa wewe.

"Mbona hamna mtu?"

Mzee Mohamedi alivua kofia yake, na mtu mzima yule akaanza kulia kwa sauti. Bibi aligeuza uso upande wake, akamsikiliza. Kisha akanishika mkono.

"Gerald?" aliniuliza.

Sikujibu.

"Na Hosea?"

Hapo nilifungua mdomo, kaka. Nilitaka kusema Hosea yupo, Bibi, yuko Masasi, ana mke na mtoto. Lakini unajua sauti yangu ilivyo hata siku za kawaida. Haikutoka. Bibi alingoja, akaona nimenyamaza kwa jina lako kama nilivyonyamaza kwa la Baba. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, karibu na tairi.

Baba Mkubwa alipofika alimweleza kwa utaratibu wote, kwamba Gerald ametutoka. Bibi akamwuliza, "Na wa pili?" Baba Mkubwa akamwapia kwamba hakuna wa pili. Bibi akasema, "Mmenificha wa kwanza asubuhi nzima, mkaninywesha uji. Kwa nini niwaamini kwa wa pili?"  Na ni kweli, tulimficha.

Tangazo lilitoka. Mzee Mohamedi ndiye aliyekuwa aseme, akajaribu mara kadhaa, kila akifika kwenye jina la Baba anashindwa. Tulipofika stendi ya Misigiri alinikabidhi maikrofoni. Vijana wa bodaboda walipoona gari lile na msichana ndani yake wakaanza. "Leo Mzee Gerald kamtuma binti! Kachoka kututangazia wafu?" Mwingine akadakia, "Sema kwa sauti, mrembo, au mpaka tukununulie soda?" Wakacheka. Nikasoma kama Baba alivyokuwa anasoma: jina, ukoo, mahali, saa. Nilipotaja jina, pikipiki zikazimwa moja moja mpaka nikawa nasikia sauti yangu inarudi kutoka ng'ambo ya barabara. Yule aliyetania wa kwanza alikuja kwenye mazishi, akabeba jeneza. Sauti ilitoka safi sana, kaka. Nilitamani uisikie, maana ni kazi yako.

Kuhusu mazishi, ni Baba Mkubwa aliyesema tusisubiri, kwa hali aliyokuwa nayo Bibi. Kwa hiyo hukuchelewa. Sisi ndio tuliofanya haraka. Najua ulifika Dodoma, ukapigiwa simu kwamba ameshazikwa, ukapanda basi la kurudi. Mama alilia sana aliposikia, lakini si kwa hasira. Alisema, "Mtoto wangu amefika Dodoma akaogopa kuja kwao."

Siku ya kuondoa tanga watu wote wa nyumba walinyoa. Bibi alikataa wembe. Akasema, "Huyu mmoja mmemzika. Yule mwingine yuko wapi?" Wakamwacha na nywele zake, na mpaka leo anazo, ndiyo kusema kwake tanga halijaondoka. Akipewa uji anakunywa kidogo, anaubakiza, anasema ni wa Hosea. Mchungaji ameshaongea naye. Mama ameongea naye mpaka amechoka.

Ulipopiga simu na Mama akaiweka sikioni kwake, ulisema, "Bibi, ni mimi, Hosea." Mimi nilikuwa nimekaa karibu. Alisikiliza vizuri tu, machozi yanamtoka, kisha akaitoa akampa Mama. Akasema, "Hata Gerald aliongea hivyo hivyo." Basi. Ndiyo maana hukusikia jibu.

Nami nilijaribu kwa akili za shule. Nilimwekea ile flashi kiganjani, nikamweleza kwamba Baba na wewe mlisema maneno yale zamani, kitu hiki kikayashika, gari likayatoa tu. Alinisikiliza, kwa sababu ananipenda. Akaniuliza, "Kwa hiyo sauti inaweza kukaa humu na mwenyewe hayupo?" Nikasema ndiyo, Bibi, inaweza. Nilidhani sasa ameelewa. Akanirudishia flashi. "Basi na ile ya kwenye simu ni hivyo hivyo." 

Flashi ninayo. Baba Mkubwa alitaka itupwe, Mama akasema haitupwi. Nimeifunga kwenye kitambaa cha Baba, hakuna kilichofutwa, ukija utaamua wewe. Waya mwekundu na wa njano nimezitenganisha, kila mmoja nimeufunga tepu yake, gari halitasema tena bila ufunguo. Limefunikwa turubai. Kwenye kikao cha ukoo Mama alisimama akarudia maneno ya Baba, kwamba nyaya zina mwenyewe, na hakuna aliyebisha.

Kaka, nakuomba uje. Usitume tena sauti, wala video, Bibi haoni. Watu watasema, ndiyo, wengine wameshasema, lakini wanasema kidogo kuliko unavyofikiri huko uliko. Ninachoogopa mimi si watu. Jioni nikimfunika blanketi naona mifupa ya mabega yake. Akienda akiamini kwamba alipoteza wawili siku moja, sijui nitaishije na ule ukimya wangu, na wewe sijui utaishije.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na mtoto. Baba Mkubwa Andrea naye anakusalimu, na anasema hana neno na wewe. Mzee Mohamedi amesema niandike hivi hivi: "Mwambie mtoro kofia yangu naivaa tena siku atakayoshuka Misigiri." Mfikishie wifi Elina pole na salamu zetu, mwambie tunamhesabu ni wa hapa hata kama hajawahi kufika. Mungu awafunike njiani, awapitishe salama Dodoma mara hii, awafikishe mlangoni kwetu.

Jambo la mwisho, na hili usilisahau. Ukifika, mwambie wa bodaboda azime pikipiki mbali. Usibishe hodi. Najua ni kukosa adabu kuingia kwa mkubwa bila hodi, lakini mimi nitakuwa mlangoni, na lawama nitaibeba. Bibi asisikie sauti kabla ya kupata mtu. Ingia mpaka anapokaa, piga magoti, mpe mkono wako wa kulia, unyamaze. Mwache aupapase mpaka afike kwenye lile kovu la kidole gumba alilolipaka asali. Halafu ndipo umwamkie.

Mimi mdogo wako akupendaye na anayekungoja mlangoni,

Asnath